Ukungu

Bi Winifred Ogden ananionyesha ukuta kwa fimbo.
Nafuta. Tangu Jumanne nafuta,
na doa jeusi larudi kama mdai.

Mvua hii, asema, ndiyo iliyotulisha.
Uzi wa pamba hukatika hewa ikikauka;
hapa Oldham hewa mbichi siku zote,
uzi ukakubali, mabomba ya moshi yakaota,
babake akanunua saa ya mfukoni.

Simwambii kuwa pamba haioti baridini.
Kwetu Shinyanga jua lilipasua vitumba,
bibi akachuma, gunia likapimwa, likaondoka.
Saa hakununua.

Kiwanda sasa ni ghala la vifurushi.
Mvua haijaambiwa.
Yanyesha kwa bidii ya mtu aliyesahau kustaafu,
yapenya matofali, yamfuata Bi Winifred
hadi mapafuni.

Kwetu, namwambia, neno ni moja tu:
ukungu wa bondeni asubuhi,
ukungu huu wa ukutani.
“Ukunku,” ajaribu. Acheka. Akohoa.

Nasuuza kitambaa, maji meusi.
Kiooni matone yateremka
membamba, marefu,
bila kukatika.