Milango Saba Uani

Nilifika na kisu changu kama kila Aprili,
nimekinoa usiku, nimekizungushia gunia,
mvua ya Quemchi ikinifuata njia nzima
kama mdai.

Ercira Millalonco alikuwa kizingitini.
Hakunikaribisha, hakunifukuza.
"Wangapi mwaka huu?" nikamuuliza.
"Sita," akasema. "Na hakuna wa kwako."

Nikacheka. Mafahali wawili hawakai zizi moja,
na hawa hata si mafahali, ni majogoo,
ubongo punje, hasira pipa.
Nimewachinja tangu nikiwa na meno yote.
Nimewaona wakitoana macho kwa ajili ya tetea
ambaye, yeye mwenyewe, alikuwa akitafuta minyoo.

Akanishika mkono hadi uani.

Kwanza niliona milango.
Milango bila nyumba, saba,
imesimikwa matopeni huku na huku:
wa buluu, uliotoka shule iliyobomolewa,
mwingine una kitasa bado,
mwingine wa kabati la arusi yake.
Jogoo mwekundu akamtimua mwenye madoa
hatua nne, tano, sita,
mwenye madoa akakata kona nyuma ya mlango wa shule
na basi.
Mwekundu akasimama, akazitazama mbao,
akasahau alichokuwa anadai,
akaanza kuparua.

"Uwanja mtupu ndio unaoua, Nolberto," akasema.
"Mnyonge anakimbia, anakimbia, na bado anaonekana."

Mabakuli niliyahesabu mara mbili.
Manane. Viazi vilivyopondwa, mwani, pumba,
kila bakuli mbali na jirani yake.
"Majogoo sita, mabakuli manane?"
"Mawili ni ya choyo," akasema. "Choyo nacho kinakula."

Majike wako ng'ambo ya nyumba, kwenye mtufaa.
Sauti zao zinafika, manyoya yao hayafiki.
Na hawa wote, aliniambia, walianguliwa chini ya mama mmoja,
wakapangana nani mbele nani nyuma
wangali manyoya laini, wakati teke lilikuwa mchezo.
Jogoo mgeni hamwingizi. Hata akiwa mzuri. Hata akiwa bure.

Lakini wa sita hakumwona akitembea.
Nani? Mimi. Sikumwona mimi.
Alikuwa tunduni, peke yake, mweusi, undu umechanika.
"Huyo nimemjaribu mara tatu," Ercira akasema,
na sauti yake ikashuka.
"Kuna asiyejua kusahau.
Baridi ikimkuta hivi hivi, nitakuita."

Ilikuwa Jumapili. Akanibakisha nile.
Wakaja wanawe, Eliecer kwa mlango wa mbele,
Rudecindo kwa mlango wa jikoni,
hawajasemezana tangu kamba ya mpimaji
ilipopita katikati ya shamba la marehemu.
Nikavuta kiti karibu na jiko, nikajiandaa kwa mayowe.

Mezani kulikuwa na mikate mitatu.
Chumvi huku, chumvi kule.
Siagi mbili.
Na katikati birika la msiba, lile la watu ishirini,
limesimama refu kati ya nyuso zao
hata kila mmoja aliona mvuke tu
na ncha ya nywele za nduguye.

Hakuna aliyesema.
Hakuna aliyeondoka.
Mara Eliecer akacheka peke yake, kwa jambo la zamani labda,
na nyuma ya birika kijiko kikakoma kukoroga,
kikangoja,
kikaendelea.

Nilimtazama Ercira. Alikuwa anamenya kiazi.

Jioni nikaaga na kisu kikavu kwapani.
Akanisindikiza mvuani, kitu ambacho hajawahi,
mpaka kwenye lango, akalishika.
"Kwako," akaniuliza, "hakuna mlango usiotumika?"

Nikaufikiria ule wa chumba cha mwanangu,
miaka tisa haujafunguliwa,
jinsi tunavyoupita, mimi na mama yake, kwenda kulala.

"Upo," nikasema.
"Upo mmoja."