Maneno Niliyopeleka Simiyu

Mimi ndiye niliyetumwa. Ndulu, mwana wa Holo.
Miguu yangu ilijulikana kutoka mawe ya Mwanza
hadi matope ya Simiyu: siku mbili kwenda,
mbili kurudi, na neno mdomoni halimwagiki.

Kwanza nilitoka mpakani kwenda ikulu.
"Lutubija anasema mto umekauka, wanavuka kwa miguu.
Wamechukua ng'ombe arobaini
na kijana aliyekuwa akiwapigia mluzi.
Anaomba mishale. Anaomba mtama. Watu wake
wanakula michembe ya mwaka juzi, imetobolewa na dumuzi."

Ikulu walikuwa wanagombea kigoda.
Mtemi mzee ana siku tisa kaburini,
mpya ana miaka kumi na minne
na kidonda cha wembe kisogoni.
Mama yake, Nyanzobe, kushoto; Shigela kulia;
wazee wa ngoma wanabishana
nani atangulize mkono mtungini.
Nikasema niliyotumwa. Nikayasema tena.
Mtu mmoja akaniuliza kama nimekula.

Usiku Shigela akaniita nyuma ya zizi.
"Hao watu wa mpakani, wanampenda nani?"
Nikasema: wanampenda anayelala njaa pamoja nao.
Nilidhani nimemsifu mtu.

Kulipokucha, matumbo ya kuku yalikwisha kusomwa:
mvua imefungwa,
aliyeifunga yuko mashariki, ana mikuki mingi.
Wakanipa jembe la Warongo, jipya, zito,
na maneno yasiyojaa kiganja:
"Mwambie Lutubija aje anywe pombe ya utawazo."

Nilijua. Jembe zima
kwa mwaliko wa pombe?
Nilijua, na nikatembea siku mbili.

Nilimkuta akiziba pengo la ua wa minyaa,
utomvu mweupe hadi kwenye viwiko.
Akasikiliza. Akauliza, "Wamekulipa nini?"
Nikamwonyesha. Akalipima mkononi,
akapitisha kidole kwenye makali.
"Zuri," akasema, akanirudishia.
Akanawa, ingawa utomvu ule hautoki kwa maji,
akawaambia vijana wasiwashe moto upande wa mto,
kisha akatangulia njia, mimi nyuma,
kana kwamba ni mimi niliyeitwa.

Alikunywa. Zaidi ya hapo sisemi,
wake zake wako hai.

Na mvua ikanyesha kesho yake. Hilo ndilo liliniuma.
Watu wakatoka uani wakilowa, wakicheka:
si mnaona? Si tulisema?
Shigela akapewa fahali.
Simiyu ikafurika siku saba,
ya nane ikapungua,
ya tisa wakavuka.

Tulijificha kwenye mapango ya mawe, ziwa mgongoni,
tukitazama moshi wa ikulu ukienda upande upande.
Shigela alikuwa amekibeba kigoda kichwani
kama mwanamke aliyetoka kuteka maji.
"Ndulu," akanong'ona, "nenda mpakani ukaulize..."

Mpaka upi, bwana?

Jembe ninalo hadi leo.
Nimelimia viazi misimu mitatu.
Halijapinda.