Herufi Nne

Fundi Ntinginya huchonga kwa herufi, si kwa neno:
elfu moja kila herufi, nukta bure.
Jina la baba tumekwisha kulilipia,
na miaka yake miwili, wa kuja na wa kuondoka.
Imebaki elfu nne kwenye pindo la khanga ya mama
na MILELE ina herufi sita.

"Si wewe ulisoma Kipalapala," mama akaniambia,
"kabla hujawakimbia mapadri?
Huko hamkufundishwa milele iliyo fupi?"

Ipo.
Nikaichora vumbini kwa kijiti, pale Isevya,
kati ya misalaba ya saruji isiyokauka:
aioni. Wagiriki waliliandika kwa herufi nne, kamili.
Ntinginya akainamisha shingo
kama kuku anayeitilia shaka punje.
Mama akauliza maana.

Nikasema: kale, kabla halijawa milele,
lilikuwa umri tu, uhai wa mtu mmoja.
Shujaa akichomwa mkuki, walisema aioni imemtoka.
Na wapo walioita hivyo uboho,
ule uliojificha ndani ya uti wa mgongo.
Kisha neno likanenepa: kizazi, zama, dahari,
mpaka likakosa mwanzo na ukomo,
likamwacha mtu nyuma, amesimama.

"Uboho?"
"Uboho, mama."

Treni ya Kigoma ikapiga honi, ya jana hiyo, ndiyo inafika.
Miaka thelathini na mmoja baba aligeuza reli,
hii Mwanza, hii Kigoma,
yeye akabaki Tabora na mafuta kwenye kucha.

Mama alifungua pindo, akazihesabu noti,
akazihesabu tena, akafunga.
"Jina linatosha," akamwambia fundi.
Tukapitia buchani. Hakusema neno njia nzima
ila kumwambia muuza nyama: "La paja. Hilo nene."

Mchuzi ulichemka hadi saa tatu usiku.
Akaligonga fupa kwenye ukingo wa sinia
mara tatu, vilevile alivyokuwa akigonga yeye,
uboho ukateleza, mweupe, unatetemeka.
Akanisukumia.
"Kula," akasema, "kabla haujaganda."