Doa la Bibo

Batley, Novemba, saa moja asubuhi, bado giza.
Mkanda unaanza kutembea na nguo zinakuja
zimelala kifudifudi, kama watu waliochoshwa na Jumapili.
Kazi yangu ni macho na mikono:
nzima, kulia; isiyo na vifungo, kushoto;
yenye doa, nyuma, kwenye kizimba cha waya,
ikakatwe matambara ya kufutia grisi.
Sekunde mbili kwa kila nguo.
Doa halina rufaa.

Nimeyajua madoa ya nchi hii kuliko majirani zangu.
Divai ya harusi. Mchuzi kwenye tai.
Kwapa la manjano la karani.
Maziwa ya mtoto begani, karibu siku zote bega la kushoto.
Natupa. Natupa.

Bi Hepworth wa mizani husema
bibi yake alichambua sufu kuukuu bondeni humu humu,
ikasagwa kama unga, ikasokotwa upya,
ikawa makoti ya askari.
"Batley hakijafa kitu," husema,
"ila viwanda vyenyewe."
Hucheka, hukohoa, huandika kilo.

Siku hiyo, kati ya jinzi mbili, ikaja kanga.

Labda kabati la marehemu, huko Hull,
na watoto wasioweza kusoma jina lake.
Ilikuwa imefuliwa hadi ikawa laini kama ndewe ya sikio.
ANAYENIPENDA ANAJUA NILIPO,
na pembeni mwa NILIPO, doa la kahawia.

Ghalani tuko arobaini.
Hakuna mwingine ambaye angeliita doa lile kwa jina.
Bibo.
Mtu alikula bibo akiwa amejifunga kanga hii,
akainama mbele, jinsi tunavyoinama,
na maji yakamshinda.

Sekunde mbili zikapita. Sita.
Aniela akanipiga kiwiko; masweta yalikuwa yananipita.

Mama alikuwa akisema: usilisugue.
Doa la bibo halitoki kwa sabuni, wala ndimu, wala matusi.
Hungoja msimu uishe,
bibo la mwisho lidondoke,
ndipo linapojiondokea lenyewe, usiku, bila kuaga.
Ningependa kumuuliza:
na likivuka maji, mama, likafika mahali
pasipo na mkorosho hata mmoja,
litajuaje kwamba msimu umekwisha?

Bi Hepworth aliipima.
"Matambara," akasema. "Pensi kumi na mbili."
Akanitazama usoni.
"Kumi."

Nyumbani niliikata. Ndiyo, niliikata.
Katikati ilikuwa imechoka, mwanga unapita kama kwenye chandarua.
Kipande hicho sasa kinafuta dirisha la jikoni
ambalo hulia mvuke kila nikipika.
Pembe moja inashika masufuria.
Na penye maandishi pakawa mfuko
kwenye koti la shule la Tunu, lile lenye wino:
mfuko juu ya wino, doa juu ya doa.
Mkasi ulipita katikati ya neno.
Ikabaki: JUA NILIPO.

Tunu husoma Kiswahili kama anavyovuka barabara,
kwa kuangalia pande zote mbili.
"Jua la juu, mama, au jua la kujua?"
Nje mvua ilikuwa inanyesha kimshazari.
Nikamwambia achague mwenyewe kila asubuhi
kulingana na hali ya hewa.

Januari nilimpigia kaka yangu, Mkuranga.
Habari za watoto, za mguu wake, za bati linalovuja.
Kisha, kama mtu anayeuliza bei tu:
"Mabibo yamekwisha?"
Kimya. Nikasikia mlango, kandambili zake uani.
"Yamekwisha. Ila huu mti wa nyuma ya choo,
mkaidi huu. Bado unalo moja."

Nikalitazama koti msumarini.
"Usilichume," nikamwambia.