Sikio la Kushoto

Sikio langu la kushoto lina mpangaji:
nyenje mmoja, sauti nyembamba kama sindano,
aliyeingia usiku ule pale Kondele
Okumba alipovunja vijiti vitatu juu ya toazi moja
nami nimesimama ubavuni pake na besi, nacheka.
Mwaka wa kumi na moja sasa. Kodi halipi.

Nimepanda ngazi kwenda kwa Amugada.
Chini ya duka lake wanashona viti vya pikipiki;
juu, ametandika kitambaa cheusi mezani
kama muuza dhahabu.
"Hii ina spika moja ndani. Elfu sita.
Mwimbaji atashukuru. Wewe wa besi
itakupa mfupa, nyama hutaiona."
Nikavaa. Nikagusa waya mnene.
Kweli: mtu anabisha mlango wa jirani.

"Hii ina tatu. Ya chini, ya kati, ya juu."
Hapo tumbo likaitikia. Lakini nilipogeuza shingo
ikalegea, besi ikamwagika yote,
nikabaki na chengachenga za gitaa.
"Sikio lako lina kona," akasema.
"Wenzako wana mlango, wewe una ujia."

Ya tatu haikuwa mezani.
Ya tatu hufinyangwa kwa sikio lenyewe,
elfu thelathini na nane, nusu leo.

Nilimpigia Apondi. Akanyamaza, kisha:
"Miaka yote hii umenitilia pamba bure,
leo unanunua pamba ya elfu thelathini na nane?"

Pamba.

Baba alikuwa kiwandani, kwenye mitambo ya kufuma,
siku zile kinu cha pamba kikinguruma usiku na mchana.
Alirudi na nyuzi nyeupe kwenye nyusi,
akatuomba chumvi kwa kupiga kelele,
akatusomea barua za shangazi kwa kupiga kelele,
nasi tukajikunja, tukidhani ni hasira.
Miaka ishirini na miwili katikati ya pamba
na hakuna aliyempa vipande viwili
vya ukubwa wa punje ya kunde.

Nikamgeukia Amugada. "Finyanga."

Akanijaza tope la kijani, baridi kama tumbo la chura.
"Tafuna. Piga mwayo. Sasa imba,
sikio hubadilika umbo mdomo ukifunguka."
Niimbe nini? Nikaimba jina la baba,
kwa upole ambao hakuwahi kuusikia.

Wiki tatu.

Uwanja wa maonyesho, Mamboleo. Mvua imekatika,
mabati ya jukwaa bado yanadondosha.
Amugada kwenye meza yake ya vitufe:
"Nikutilie nani?"
Swali zito kuliko bei.
Nilimtaka Vihenda, sauti kavu, bila mwangwi.
Nilitaka ngoma ya mguu. Gitaa la Rapudo kidogo tu,
na asiambiwe.
Mimi mwenyewe, kiasi cha kujua sijapotea.
Na hao mbele yetu? Mamia ya midomo wazi
na hakuna kitu,
kama runinga ya hotelini iliyozimwa sauti.
Mkono ukapanda kuchomoa moja.

"Usithubutu! Ukitoa moja, ya pili utaipandisha,
utaipandisha, hadi nyenje apate mke."
Akasimamisha maiki pembeni ya jukwaa, akaigeuzia watu,
akanimiminia taratibu:
kikohozi, mluzi, mtoto anayedai soda,
mtu akiita wimbo ambao si wetu.

Kisha kitu ambacho hakuna aliyekiagiza.
Kabla ya moja, mbili, tatu, nne,
Okumba huvuta pumzi,
fupi, ya puani,
kama mtu anayetia mguu kwenye maji baridi.
Miaka kumi na moja ananihesabia mgongoni.
Sikujua.