Kibaba cha Jiwe

Asubuhi hapa Chiromo jiwe la Taru linatoka jokoni,
limelala humo siku mbili kwa nyuzi mia na tano.
Nalipoza kwanza, maana jiwe moto
huidanganya mizani.
Mia mbili kumi na mbili, nukta nne.
Naandika. Kalamu ni ya Mulwa, anaisaka tangu Jumatatu.

Lilikuja kwa basi la usiku, ndani ya kopo la maziwa ya unga,
limeviringishwa kipande cha kanga, na barua:
“Sisi ni kamati ya maji. Tumefika mita sitini na mbili.
Pesa ya mashine imebaki ya siku mbili.
Tuambieni kama jiwe hili lina nafasi.
Nyamvula Mwero, mweka hazina.”
Nyamvula: aliyezaliwa mvua ikinyesha.
Ilinyesha mwaka gani?

Nalifunika kwa kioo, nawasha pampu, hewa inavutwa.
Kisha maji, polepole,
na jiwe linaanza kutoa mapovu,
machache, halafu mengi, upande mmoja tu,
kwenye utepe wa chembe nene
ambapo mto fulani, usio na jina wala daraja,
ulikasirika siku moja.

Debe tupu huvuma. Jiwe tupu halisemi
mpaka ulinyweshe.

Kwetu Embakasi mfereji unakohoa hewa tangu Alhamisi.
Jana nimepandisha mtungi mmoja ghorofa ya nne,
leo nimenawia uso bakuli la mtoto.
Hapa namwagia jiwe lita mbili nzima
nikilitazama likinywa, wala sioni haya.
Naona kidogo.

Likishiba: mia mbili ishirini na tano, nukta tatu.
Likining’inia majini kwa uzi: mia thelathini na tatu, nukta moja.
Toa, toa tena, gawanya.
Katika vibaba mia vya jiwe,
kumi na vinne si jiwe.

“Si haba,” Mulwa anasema, akiitazama kalamu.

Si haba. Lakini tundu si njia.
Nyumba yaweza kuwa na vyumba kumi na vinne
pasiwe na mlango kutoka hiki kwenda kile,
kila tone na ukuta wake,
kama sisi wapangaji.
Hilo hupimwa kwa chombo kingine,
nacho kinangoja kipuri tangu Machi.

Fomu ina kisanduku kimoja. Najaza: 14.0.
Pembeni, pasipo mstari, naongeza:
Dada Nyamvula, nafasi ipo. Kama inapitika, sijui.
Mkikuta mchanga wa chembe kama mtama,
simamisheni mashine, mpime maji.

Naliviringisha jiwe kwenye kanga yake, lingali limelowa.
Nafunga bahasha, natafuta gundi, narudi:
kangani doa limeanza kutambaa,
upande ule mmoja,
upana wa kidole, sasa viwili.

Naifungua bahasha.
“Mulwa,” nasema, “nipe tena ile kalamu.”