Ndoo ya Rangi

Kopo la maziwa ya unga limeulea mchoya vya kutosha.
Mizizi imetokeza chini, kwenye matundu niliyotoboa kwa msumari,
myeupe, myembamba, inachungulia
kama wageni mlangoni wasiojua wavue viatu au wangoje kuambiwa.

Haya, nikauambia. Leo unahama.

Michenzani, ghorofa ya tano,
roshani yenye upana wa mkeka mmoja.
Ndoo ni ya lita ishirini. Fundi Vuai aliiacha kwenye ngazi
alipomaliza kupaka ukuta, bado ina ukoko wa buluu mdomoni.
Udongo wa Dole, nusu gunia. Makumbi yaliyooza. Samadi kavu.
Vyote nimevipandisha kwa miguu yangu hii,
nikipumzika kila ghorofa, nikijifanya nasalimia watu.

Jana jioni niliumwagia maji, ili donge lishikane.
Shina kati ya vidole viwili, kopo kichwa chini,
ngumi moja ya kitako, si ya hasira,
ukatoka mzima.

Na mizizi, subhanallah.
Ilikuwa imezunguka, ikazunguka, ikazunguka,
hata ikawa kopo ndani ya kopo.
Nikaichambua kwa ncha za vidole kama nywele za mtoto anayelia,
ile iliyokataa nikaikata kwa wembe.

Hodi.

Haroub, kijana wa ulinzi shirikishi, ametumwa na sheha.
Kuna mtu amesema. Hakutaja nani. Sikumuuliza:
Bi Mize wa mkabala ana kamba ya nguo
na tangu alfajiri anaanika kanga ile ile moja.
Majani yana vidole vitano, amesema huyo mtu.
Shina jekundu. Tena huumwagia maji usiku.
Haroub akatoa simu, akatazama picha, akatazama mti wangu,
akaipindua simu, akapinda na shingo.
"Bangi nayo," akasema taratibu, kama anayeomba radhi, "ina vidole."
"Hata wewe una vidole," nikamwambia. "Tafuna."

Akaniangalia. Akatafuna.
Uso wote ukajikunja kwa ule uchachu, jicho moja likafumba,
kisha akacheka, akawa na miaka sita.
"Choya! Bibi akitutilia kwenye mchuzi wa papa, kule Makangale."
Mimi ni wa Konde. Tukanyamaza kidogo.

"Basi shika hapa," nikasema, "usimame wima."
Akashika shina kwa mikono miwili, na sare yake na yote,
mimi nikajaza udongo pembeni, nikishindilia kwa kidole gumba.

Siku tatu utanyong'onyea, najua.
Mimi niliposhuka bandarini na begi moja
nilinyong'onyea mwaka mzima, na hakuna aliyenisogeza kivulini.

Kopo nimelisuuza. Nimetia udongo uliobaki na mbegu mbili,
nikampelekea Bi Mize.
Hakufungua. Nimeliacha kizingitini,
nikamsikia upande wa pili wa mlango, akipumua.